Laptopu ya mtumba na diski ya waifai kwenye kazi za harusi: nilichokiona

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Diski ya waifai, yaani ile hadidiski yenye betri yake na inayorusha waifai yenyewe, nunua kama kazi yako inakutoa ofisini, unakusanya picha na video huko huko na watu wanataka wagawiwe pale pale bila kumaliza bando. Ukiinunua kwa kutegemea kuediti video humo bila waya utalaumu bure, hiyo kazi haiiwezi na wala haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Na laptopu ya kwenda nayo siyo lazima iwe mpya ya dukani, Lenovo ThinkPad T480 ya mtumba inatosha sana tu.

Mimi napiga picha na video za shughuli, harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali, hapa Dar na mara nyingine mikoani. Kwenye kazi hii kinachouma kuliko vyote siyo kamera kuharibika, kamera utaazima kwa mwenzako, ni kupoteza kadi. Ndoa hairudiwi ili wewe upate picha. Ukirudi nyumbani saa tisa usiku na kadi moja haisomi, asubuhi mama mzazi wa bibi harusi anapiga simu unamwambia nini? Kwa hiyo vyombo vyangu vyote navipima kwa swali moja, je kabla sijatoka ukumbini mzigo uko sehemu mbili au uko sehemu moja.

Laptopu kwanza. T480 ilitoka 2018, na zinazojaa Kariakoo sasa hivi ni zile zilizotoka maofisini Ulaya, Marekani na Dubai baada ya makampuni kubadilisha mashine zao. Nyingi zina prosesa ya Intel i5 kizazi cha 8, na hapo kwenye kizazi cha 8 ndipo penye mpaka ambao watu wengi hawaujui wanapotoa hela. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel, ukitoa chache sana, rasmi inaanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0, kile kijichipu cha usalama. Sasa T470 ukiiweka pembeni ya T480 utadhani ni pacha, kava lile lile, kibodi ile ile, ila T470 ina kizazi cha 6 au cha 7 na imebaki ng'ambo ya pili. Muuzaji atakwambia "hii inaingia Windows 11 bosi wangu, tunakuwekea hapa hapa," na kweli fundi anaweza kuilazimisha ikaingia, lakini rasmi haimo kwenye orodha, ikija sasisho kubwa likagoma usimtafute. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili siyo ya kukufanya uchukue iliyopitwa.

Ila kilichonifanya niipende hasa ni betri. Ina betri mbili, moja imo ndani, ya Wh 24 (Wh ni kipimo cha umeme ambao betri inashika), na nyingine iko nje kwa chini nyuma, unasogeza vitasa viwili inatoka. Ya nje kuna nyembamba ya Wh 24 na kuna nene ya Wh 72, ile nene inafanya laptopu ikae imenyanyuka nyuma, wengine hawaipendi, mimi naipenda hivyo hivyo. Inakula ya nje kwanza, ikiisha unaichomoa na kuchomeka nyingine huku mashine inawaka, ile ya ndani inashikilia, faili unalohamisha wala halijui kama kuna kitu kimetokea. Kwa sisi ambao umeme unakatika kadi iko katikati ya kukopi hicho kitu ni neema, nakwambia kwa moyo wote. Mashine nyingi nyembamba za siku hizi betri imefungwa ndani, ikichoka ni fundi.

Halafu ina tundu la kadi kubwa ya SD, ina HDMI, ina tundu la waya wa intaneti, inachajika kwa USB ya C, yaani hubebi mfuko wa viunganishi. RAM ina nafasi mbili unaongeza mwenyewe. Angalia kioo tu, maana zipo zilizotoka na kioo cha 1366 kwa 768, hizo achana nazo kabisa, tafuta ya 1920 kwa 1080 ya IPS, ile isiyobadilika rangi ukiitazama kwa pembeni. Hata hiyo vioo vingi ni vya niti 250, yaani mwangaza mdogo, ni vioo vya ofisini, juani hutaona kitu, na kama unagredi rangi za video chomeka monita ukifika nyumbani.

Ukiwa dukani kabla ya kulipa fanya mambo haya, na muuzaji mzuri hatakasirika. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri uandike powercfg /batteryreport, itatengeneza faili linaloonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo imebaki na uwezo gani. Ukikuta ilikuwa 24 na sasa inashika 11, punguziwa bei au ubadilishiwe. Izime uiwashe tena huku unabonyeza F1, uone kama BIOS, ile setapu ya ndani ya mashine kabla ya Windows, inafunguka au inadai paswedi, ikidai paswedi ambayo muuzaji hana, irudishe mezani, usidanganywe eti fundi ataitoa kesho. Na kama una muda mwambie airudishe upya kabisa kisha muiunganishe na intaneti pale pale wakati wa setapu, kwa sababu mashine za maofisini nyingine bado zimeandikishwa kwa mwenyewe, ikifika kwenye intaneti inakuandikia jina la kampuni na kukutaka uingie kwa akaunti ya mfanyakazi. Hiyo ukiigundua nyumbani umeshachelewa.

Haya, tuje kwenye diski.

Vitu hivi vilianza kitambo kidogo. Seagate walitoa GoFlex Satellite ya GB 500 mwaka 2011, SanDisk wakaja na Wireless Stick 2015 ambayo ni flashi kabisa ya kuweka mfukoni ila inarusha waifai, na WD wakatoa My Passport Wireless Pro 2016 yenye tundu la kadi ya SD ubavuni na betri ya mAh 6400. Baada ya hapo soko likahamia kwenye vile vi-SSD vidogo, diski zisizozunguka, vya waya wa C, kwa hiyo leo ukizitafuta za waifai nyingi utakazokutana nazo ni zilizotumika. Yangu sitaitaja jina, kwa sababu ninayoyasema yanahusu jamii nzima ya vyombo hivi, ya kampuni yoyote ile.

Kwa ndani ni hadidiski ya kawaida ya laptopu, ile inayozunguka, pamoja na kibao kidogo cha umeme chenye kompyuta ndogo inayojiendesha, betri, na antena ya waifai. Ukiwasha inangoja kidogo, taa ya waifai inapepesa, ikitulia ndiyo tayari. Yenye tundu la kadi, kama yangu, ndiyo ya kununua, usinunue isiyo na tundu. Ukumbini nafanya hivi: maharusi wakishaingia na MC akianza utambulisho, natoa kadi ya kwanza kwenye kamera, naweka nyingine, ile ya kwanza naichomeka ubavuni mwa diski, nabonyeza kitufe, taa inaanza kupepesa, naiacha ndani ya begi chini ya meza ya DJ na kuendelea na kazi. Laptopu sijaifungua wala sijatafuta soketi. Keki inapokatwa taa imetulia, kadi imeshakopiwa, na ile kadi siifuti, naiweka kwenye kipochi mfukoni. Hapo mzigo uko sehemu mbili na mimi bado niko na shughuli. Hili peke yake linalipa hela yake.

Angalizo moja hapo, usiiweke juu ya spika wala karibu sana na zile besi kubwa za chini. Hadidiski inayozunguka haipendi mtetemo, spidi inashuka na ikizidi inaweza kukosea kuandika. Chini ya meza juu ya begi la nguo iko salama.

Jambo la pili ni kugawa. Hili nisingependa nilipite haraka kwa sababu ndilo wateja wangu wanalikumbuka. Shughuli zetu kila mtu anataka picha leo leo, aweke stetasi kabla hajalala. Zamani tulikuwa tunatumiana kwa Xender mmoja mmoja, foleni. Juzi kwenye sendofu huko Mbagala shangazi mmoja wa bibi harusi kanifuata na simu mkononi.

"Mwanangu, zile tulizopiga na wifi zangu nazipataje? Usiniambie wiki ijayo."

"Shikamoo shangazi. Nipe dakika moja. Fungua waifai hapo, unaona hili jina la Picha za Sendofu? Bonyeza, paswedi ni hii hapa."

"Marahaba. Imeandika haina intaneti."

"Iache hivyo hivyo, ikikuuliza mwambie ubaki nayo. Sasa ingia hapa... unajiona?"

Alijiona. Akaita wenzake, wakawa wamekaa mezani kila mmoja anachagua zake kwenye simu yake, wala hakuna aliyekula bando. Diski kama hizi kwa kawaida zinahudumia simu kadhaa kwa mpigo, za picha hazisumbui, video wakifungua wengi kwa pamoja ndiyo inaanza kukwama kwama. Safarini pia ni hivyo hivyo, tulienda Moshi kwa basi na watoto wa dada, katuni zimo kwenye diski, kila mtoto na simu yake, njia nzima kimya.

Sasa pale shangazi aliposema haina intaneti ndipo penye usumbufu mkubwa wa vyombo hivi, na ujue mapema. Simu ikiunganishwa na waifai ya diski inaona hakuna intaneti, na simu nyingi zina tabia ya kujirudisha kwenye data yenyewe kimya kimya, unashangaa picha zimeacha kufunguka. Nyingine zinabaki kwenye waifai, meseji za WhatsApp zinakuwa haziingii, mwenye simu anaanza kukuangalia vibaya. Zima data kwa muda, chukua picha zako, toka kwenye hiyo waifai, basi. Diski nyingi zina njia ya kujiunga na waifai ya ukumbi au ya nyumbani halafu simu zinapata vyote viwili kupitia kwake, inafanya kazi, ila waifai ya ukumbi ikiwa mbovu na diski inakuwa mbovu vile vile, kwa hiyo kwenye kazi siitumii.

Spidi. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa kwa sababu waliambiwa "bila waya" wakadhani ni sawa na waya. Chukua kadi ya GB 64 iliyojaa. Kwa waya wa USB 3.0 hadidiski ya kuzunguka inasoma kama MB 100 kwa sekunde, hiyo kadi ni dakika kumi na kitu. Kwa waifai ukipata MB 10 kwa sekunde shukuru, hapo tunazungumzia saa moja na dakika arobaini na tano hivi. Kama diski yako ina mawimbi ya 2.4 GHz tu na ukumbi umejaa simu na waifai za watu, inashuka chini zaidi. Ikiwa na 5 GHz kuna nafuu kubwa, ila 5 GHz haipendi ukuta, ukienda chumba cha pili unaisikia imechoka. Video ya kamera ya fulu HD inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde inatoa kama GB 22 kwa saa, ya 4K ya megabiti 100 inatoa kama GB 45, piga hesabu mwenyewe sherehe ya saa sita. Ndiyo maana nasema waifai ni ya kuangalia, kuchagua na kugawa, ukifika nyumbani chomeka waya kwenye T480 uhamishe kwenye SSD ndipo uediti. Anayekwambia anaediti 4K kupitia waifai ya diski ya mfukoni hajawahi kufanya.

Kuna tatizo la Windows ambalo fundi wengi wanabahatisha tu. Unaunganisha laptopu na waifai ya diski vizuri, unaenda kwenye mtandao wa mafaili, diski haionekani kabisa, ila kwenye simu inaonekana. Mara nyingi sababu ni lugha ya zamani ya kushirikiana mafaili inayoitwa SMB1, diski za zamani nyingine zinaijua hiyo tu, na Microsoft waliacha kuiweka kwenye Windows kuanzia toleo la mwishoni mwa 2017 kwa sababu za usalama. Windows 11 toleo la 24H2 limekaza zaidi, hasa ile ya Pro, haitaki kuingia kama mgeni asiye na paswedi. Usikimbilie kuirudisha SMB1, ni mlango ulioachwa wazi. Angalia kwanza kama diski ina sasisho la programu yake ya ndani, iwekee jina la mtumiaji na paswedi, kisha andika namba yake ya mtandao moja kwa moja juu pale, mikwaju miwili ya nyuma halafu namba. Ikigoma kabisa tumia waya, laptopu unayo pembeni yako hata hivyo. Kwenye iPhone, tangu iOS 13 ile programu ya Files inaunganisha seva moja kwa moja bila kuweka kitu kingine, na kwenye Android ile programu ya video ya VLC inaisoma vizuri tu. Nasisitiza hizi njia kwa sababu programu za makampuni yenyewe zinakuja na kuondoka, usinunue chombo ambacho bila programu yao hakifunguki.

Fomati nayo, yaani mpangilio ambao diski inahifadhia mafaili. Kama diski unaitumia na kamera, simu na Windows, iweke exFAT. FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, utakopi video ya ndoa ikatae au ikatike. Ubaya wa exFAT ni kwamba ukichomoa ghafla au betri ikizima katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika, kwa hiyo zima kwa kitufe, subiri taa ife, ndipo uweke begini.

Betri ya diski inategemea unaifanyia nini. Yale masaa kumi wanayoandika kwenye boksi ni ya kuonyesha video moja, ukiwa unakopi kadi mfululizo huku watu wanavuta picha inaisha mapema sana, mimi natembea na pawabenki ndogo pembeni. Na joto letu hili la Dar usiiache kwenye gari limefungwa madirisha, betri za aina hii zikipikwa zinavimba, na ya diski haitoki kirahisi kama ya T480, ni kufungua kava lote.

Paswedi badilisha siku hiyo hiyo unayonunua, ile ya kiwandani mara nyingine imeandikwa chini ya chombo na kila anayekishika anaiona. Mimi picha za kugawa naziweka kwenye folda yake peke yake, kazi za wateja wengine hazikai humo siku ya shughuli. Picha za mke wa mtu akivalishwa siyo za kuonwa na ukumbi mzima, mteja amekuamini.

Kama hela haitoshi usijilazimishe. Geuza rauta yako ya nyumbani uangalie nyuma, nyingi zina tundu la USB, unachomeka hadidiski ya kawaida na nyumba nzima inaiona kwa waifai. Zipo pia virauta vidogo vya safari vyenye USB, kama vya GL.iNet, unavilisha kwa pawabenki na kuchomeka flashi, ukawa na diski ya waifai ya bei poa, ila tundu la kadi na kile kitufe cha kukopi hutapata. Kwa mtu wa ofisini anayetaka tu kuhamisha mafaili, flashi yenye vichwa viwili, cha C na cha kawaida, inamtosha kabisa.

Chunga tu hizo flashi na vi-SSD vinavyoandikwa TB 2 au TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani kuna kikadi kidogo kilichodanganywa kijitaje kikubwa, unajaza picha, majina ya mafaili unayaona yote, ukifungua hayafunguki kwa sababu mapya yaliandikwa juu ya ya zamani. Pima kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, inajaza chombo chote na kusoma tena, inachukua muda lakini inasema ukweli.

Na diski ya waifai iliyotumika ukiipata, usilipe kwa kuiona imewaka. Nenda na kadi yako yenye picha, ichomeke, ikopi hapo hapo bila waya wa chaji, fungua picha zile kwenye simu yako, kisha ichomeke kwa waya kwenye laptopu usikilize, hadidiski inayogonga gonga ndani, tik tik tik, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia nusu ya bei.